Nyumba ya kupangisha: hesabu ambayo fundi hakwambii

Ninalo daftari la kaunta, kwaya mbili, jalada limeshachakaa. Humo naandika kila shilingi inayoingia na kutoka kwenye nyumba yangu ya kupangisha huku Mbezi, Dar es Salaam: paa moja, milango minne, kila mpangaji ana chumba na sebule, jiko na choo chake ndani. Ukurasa wa kwanza ni wa 2013 na umeandikwa "mchanga tripu moja, saruji mifuko 20, fundi msingi advansi". Ukurasa wa kwanza wenye pesa iliyoingia ni wa 2018. Katikati hapo kuna miaka mitano ya kutoa tu.

Nalitaja daftari kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu nyumba za kupangisha huanzia mwisho. Mwenye nyumba atakusimulia mpangaji aliyehama usiku na balbu zote, na mpangaji atakusimulia mwenye nyumba anayegonga mlango saa kumi na mbili asubuhi. Visa hivyo ni vya kweli, nami ninavyo vyangu. Lakini kadiri ninavyolipekua daftari ndivyo ninavyoona kwamba kero nyingi za biashara hii zina mzizi mmoja. Tunajenga kwa pesa mkononi, kidogo kidogo, benki haimo, na miaka inayopita hatuiandiki popote kama gharama.

Benki haimo kwa sababu hesabu yake haikubali. Sheria haikosekani: Bunge lilipitisha sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo hiyo. Hata hivyo, mikopo yote ya nyumba nchini haijafika asilimia moja ya pato la taifa. Riba kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Chukua mkopo wa milioni 60 kwa miaka 15, riba asilimia 15. Rejesho ni karibu sh 840,000 kila mwezi, na siku unamaliza utakuwa umewalipa zaidi ya milioni 150. Milango yangu minne, yote ikiwa na watu na wote wakiwa wamelipa, inaingiza milioni moja kwa mwezi. Kinachobaki hapo hakitoshi hata kumwita fundi bomba mara kwa mara. Na bado hujaulizwa hati miliki, wakati wengi wetu tulichonacho ni karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa na majina ya mashahidi wawili, mmoja wao ameshafariki.

Basi tunajenga kwa mshahara, kwa kikoba, kwa kiinua mgongo cha mzee. Msingi mwaka huu, jamvi mwakani, kuta mpaka lenta ukipata mchezo wa upatu, kenchi na bati Mungu akijalia. Wataalamu wa fedha huliangalia boma lisilo na bati na kusema hiyo ni pesa iliyolala. Wana haki, ila wanasahau jambo moja ambalo kila mwenye ukoo analijua: tofali haliazimwi. Hela iliyo benki ina wenyewe wengi. Kuna ada ya mtoto wa dada, kuna msiba wa upande wa shemeji, kuna jamaa mwenye dili la uhakika. Ukishaigeuza ikawa saruji hakuna wa kukuomba, na mkeo akiulizwa anajibu "si unaona, tunajenga". Boma ni kibubu chenye milango.

Lakini kibubu hicho kinakula. Kuta zangu zilinyeshewa masika mawili bila paa, na zile nondo zilizochomoza juu ya nguzo zikala kutu mpaka fundi wa pili akataka tuzikate. Fundi wa pili, kama kawaida yao, alianza kwa kucheka kazi ya fundi wa kwanza, kisha akanitoza pesa ya kuirudia. Kokoto tripu nzima iliyeyuka kidogo kidogo, na nyumba mbili za jirani zikapata sakafu nzuri. Ndugu zetu walioko Muscat au Marekani wanaoletewa maendeleo ya ujenzi kwa picha za WhatsApp wana simulizi kali kuliko hizi. Kuna anayelipia madirisha ya aluminiamu miezi mitatu, anakuja likizo, anaoneshwa msingi.

Sasa tuingie kwenye namba zenyewe. Nachukua mwaka 2022 kwa sababu ulikuwa mwaka wa kawaida, haukuwa na balaa. Kiwanja nilinunua milioni 15. Ujenzi wote, kwa mujibu wa daftari, ulimeza milioni 95. Jumla milioni 110. Kila mlango ni sh 250,000 kwa mwezi, kwa hiyo kichwani mwangu, na kichwani mwa kila anayejenga, mwaka mzima ni milioni 12.

Mlango wa pili ulikaa wazi miezi mitatu: 750,000 hazikuja. Mpangaji wa mlango wa nne alikuwa na deni la miezi miwili alipohamia kusikojulikana: 500,000. Nilichoshika ni 10,750,000. Rangi na ukarabati wa mlango uliokuwa wazi, 380,000. Bomba na tenki, 220,000. Gari la kunyonya choo mara mbili, 240,000. Bati lililovuja penye maungio, 310,000. Kodi ya mapato ya pango, asilimia 10 ya nilichopokea, 1,075,000. Kodi ya jengo 12,000 na pango la ardhi 60,000. Kilichobaki ni sh 8,453,000, yaani chini kidogo ya asilimia 8 ya milioni 110, na hapo sijaweka akiba ya siku bati zote zitakapotaka kubadilishwa, wala nauli, wala Jumamosi zangu.

Katika makato hayo yote, miezi mitatu ya mlango wazi ndiyo inayouma, na ndiyo hakuna anayeiandika kwenye bajeti. Fundi atakupigia hesabu ya vigae mpaka kipande cha mwisho, lakini hatakwambia ni miezi mingapi kwa mwaka mlango utakaa na kufuli. Weka mwezi mmoja kwa kila mlango kila mwaka. Ukipona, umshukuru Mungu.

Sasa linganisha. Hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yaani pesa unayoikopesha Serikali, kabla ya riba yake kupunguzwa Aprili 2022, ilikuwa inalipa riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka. Milioni 110 zingeleta milioni 17 na ushee, bila choo kujaa. Hata baada ya kushushwa hadi asilimia 12.10 zingeleta milioni 13.3. Vijana wa siku hizi wakinipigia hesabu hiyo huwa nawajibu mambo mawili. Kwanza, sijawahi kuwa na milioni 110. Niliwahi kuwa na milioni 2, mara nyingi. (Jibu lao ni kwamba hatifungani inaanzia milioni moja, na hapo huwa nanyamaza kidogo.) Pili, miaka 20 ikiisha Serikali inakurudishia milioni 110 zile zile, wakati zimeshapungua nguvu. Kiwanja hakiko hivyo. Jirani yangu mwaka juzi ameuza nusu ya eneo linalolingana na langu kwa milioni 35. Ukweli ni kwamba faida yangu kubwa imekaa kwenye ardhi, haimo kwenye pango. Wapangaji wananilipia gharama za kuisubiri ardhi ipande, na ningelijua hilo mwaka 2013 ningejenga milango miwili, na pesa iliyobaki ningenunulia kiwanja cha pili.

Tuje kwenye pango la miezi sita. Kila mpangaji wa Dar analijua tangazo la dalali: "kodi miezi sita, na ya dalali mwezi mmoja." Watu husema ni roho mbaya. Viongozi wamekemea mara kadhaa na bado ipo. Nitakwambia ilivyokuwa kwangu. Mwaka 2018 nyumba ilikuwa na bati na plasta, ila haina madirisha. Wakaja wapangaji wawili, wakaitazama, wakaipenda, kila mmoja akatoa miezi sita. Milioni 3 hizo ndizo zilizonunua madirisha, grili na milango ya ndani ya milango yote minne. Waliingia rangi haijakauka. Kile ambacho benki ingenikopesha kwa riba, walinikopesha wapangaji bila riba. Nyumba nyingi za mji huu zimemaliziwa na watu wanaokaa humo kwa kupanga, nao hawajui kwamba ndio benki ya mwenye nyumba.

Tatizo linakuja mwezi wa saba. Mimi pesa nimeshaigeuza dirisha, sina kitu, namsubiri. Yeye analipwa mshahara wa mwezi, au anauza mitumba na kupata ya siku, na anatakiwa kuwa na milioni moja na nusu kwa mkupuo. Atakopa kikobani. Akikosa, ataomba "wiki mbili tu, baba mwenye nyumba", na wiki mbili zitazaa mbili. Ugomvi ule watu wanaousingizia tabia umepangwa tangu siku ya kwanza, maana mapato yake na malipo yangu havitembei kwa mwendo mmoja.

Na akigoma kabisa, ufanyeje? Kung'oa mlango au kuongeza kufuli lako juu ya lake ni kujitafutia kesi ambayo utashindwa wewe mwenye haki. Njia ni notisi ya maandishi kama mkataba unavyosema, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata, tangu sheria ilivyorekebishwa 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Ukipiga mahesabu ya safari na miezi ya kusubiri, utaelewa kwa nini wengi tunasamehe deni ili mtu aondoke kwa amani. Laki tano zangu za 2022 niliziandika kwa wino mwekundu nikafunga ukurasa. Aliondoka na sinki la jiko pia, lakini sinki sikuliandika.

Siku hizi nachukua pango la mwezi mmoja mmoja, na dhamana ya mwezi mmoja ambayo hairuhusiwi kugeuka pango la mwisho. Milango haikai wazi sana kama zamani. Ila kila tarehe 28 naanza kazi ya kupiga simu, na nimejifunza kutofautisha mtu asiyepokea kwa sababu yuko kwenye daladala na asiyepokea kwa sababu ameona jina.

Neno lenyewe, kodi, linatutia kwenye mikwaruzano. Mpangaji akisema "nimeshalipa kodi" anamaanisha pango. TRA, mamlaka ya mapato, wakisema kodi wanamaanisha kingine. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: ilianza na sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na tangu 2023 ni 1,500. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni nani?

Jioni moja mpangaji wangu wa mlango wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi, alinisubiri uani na simu mkononi. Alinisomea ujumbe wa LUKU mstari kwa mstari kama anayesahihisha daftari: VAT, tozo ya EWURA asilimia moja, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia tatu, kisha akaweka kidole. "Baba, hii elfu na mia tano ni yako, si yangu." Nikamwambia nitampunguzia kwenye pango. Akataka niandike. Nikaandika.

Na hapo alikuwa ameshapata mita yake mwenyewe. Mwanzo nyumba nzima ilikuwa na mita moja, wapangaji wanachanga, na mwenye friji na asiye na friji wanachanga sawa. Uchungu wa mita moja hauishii kwenye friji. TANESCO wana bei nafuu kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, sh 100 kwa uniti kabla ya makato. Familia nne kwenye mita moja hazikai chini ya 75, kwa hiyo wote wanne, hata yule wa taa mbili, wanahamia kundi ambalo uniti ni karibu mara tatu ya hapo. Kuongeza mita tatu, kwa sh 320,960 kila moja ya kuunganishiwa mjini ndani ya umbali wa mita 30 tangu 2022, kulinigharimu sh 962,880. Ugomvi ukaisha. Mwezi uliofuata kodi ya jengo ikaanza kukatwa kwenye kila mita, jengo likiwa lile lile moja, mpaka nilipokwenda kuripoti na kujaza fomu.

Wenzetu Kenya wana utaratibu wao: mwenye nyumba za makazi anayepata kati ya sh 288,000 na milioni 15 za Kenya kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024, kutoka asilimia 10 ya zamani. Ni nafuu, ila kama huku, kodi inapigwa kwenye unachopokea. Gari la kunyonya choo halikupunguzii hata senti.

Yote niliyoyataja yanavumilika, yanakunyima usingizi wa siku moja moja. Linaloweza kukumaliza ni ardhi iliyo chini ya nyumba. Kwa sheria yetu ya 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Hati inakupa kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Karatasi ya mtaa haikupi hata hilo, inathibitisha tu kwamba mlikubaliana.

Mwaka 2017, kwenye upanuzi wa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Humo kulikuwa na nyumba za kupangisha zenye fremu mbele na wapangaji ndani, zina umeme na maji. Mita ya umeme haithibitishi umiliki, ingawa mtaani huchukuliwa hivyo. Kigamboni, mpango wa mji mpya ulipotangazwa 2008, watu walizuiwa kuendeleza maeneo yao. Miaka ikapita, mji haukujengwa, na maboma yao nayo hayakujengwa. Wazee wetu wana kumbukumbu ya nyuma zaidi: 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya sh 100,000 yalitaifishwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Mjini ukisikia mtu anasema "nyumba ya Msajili", ndiyo hiyo.

Hatari za kila siku ni ndogo zaidi ila ndizo zinazowapata wengi. Kaka mmoja kauza shamba la urithi na wenzake watatu hawajui. Muulize muuzaji barua ya usimamizi wa mirathi, na akianza kukasirika, umeshapata jibu. Mume kauza, mke anaibuka na cheti cha ndoa, na sheria iko upande wake kwa sababu nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kiwanja kimoja kina wanunuzi watatu, wote wana karatasi na wote wana mhuri ule ule. Kama eneo lina hati, upekuzi kwa Msajili wa Hati utakuonesha jina la mmiliki na kama kuna benki imeshikilia. Kama halina, huna pa kupekua zaidi ya majirani, na majirani wazee ni bora kuliko mwenyekiti mpya.

Urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja ili tupate hati, ulikuja mtaani kwetu kama mkombozi. Tulichanga, kampuni ya upimaji ikaja, bikoni za mipaka zikapandwa, tukapewa namba za viwanja. Kisha wakawa hawapokei simu. Bikoni moja ilikuwa katikati ya njia ya maji ya jirani na sasa mbuzi wanaikwarua. Hati yangu niliipata baada ya kwenda mwenyewe ofisini mara ambazo niliacha kuzihesabu.

Nikiulizwa kama naweza kuuza leo, jibu ni ndiyo, nikiwa tayari kusubiri mwaka au kukubali bei ya mtu aliyeshika pesa mkononi, ambaye anajua kwamba mimi sina. Mnunuzi naye hana benki. Na faida nitakayoipata, asilimia 10 ni ya TRA, kwa hiyo risiti za saruji za 2013 ambazo nilizitupa zingekuwa na thamani sasa. Zimebaki zilizobandikwa kwenye daftari.

Juzi Mwalimu wa mlango wa tatu alikuja kulipa. Alihesabu mara mbili, akaniomba nipokee pungufu ya elfu hamsini mpaka tarehe 5. Kisha akafungua simu, akanionesha picha: kuta za tofali za inchi sita, vichaka nyuma, kijana kasimama kwenye kona akiwa na kamba ya kupimia. Chanika, akasema, milango mitatu, Mungu akipenda atapangisha. Wamefika lenta. "Eti baba, nondo ya milimita 12 wewe ulinunua wapi?"

Daftari lilikuwa mezani, limefunuliwa. Nilimwambia duka, nikamwambia pia asizikate fupi zile zinazochomoza juu ya nguzo.